Mgongo wa Karatasi

Kila karatasi iliyopita mikononi mwake aliigeuza. Si za kazini tu. Kipeperushi cha kanisa alichopewa kwenye robot, yaani taa za barabarani, risiti ya duka, kadi ya harusi, hata kalenda iliyoning'inia ukutani nyumbani kwa mtu: alishika ukingo kwa vidole viwili, akaigeuza, akaangalia nyuma, akairudisha. Mara ya kwanza nilidhani ni kiburi cha kutoamini watu. Baadaye niliona kwamba hata nyuma pakiwa peupe alipatazama kwa muda uleule.

"Kartasi iko na mugongo sawa vile mutu," alituambia. "Na mutu anabeba mizigo wapi? Mu mugongo. Sasa weye unaangalia uso tu, unasema umemujua!"

Kazini alikuwa mkaguzi, na mimi nilimwita Mama Mkaguzi. Wenyeji walimwita Ma, basi. Jina lake ninalijua lakini sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe hakupenda lizungushwe vinywani mwa watu. Alisema jina lake liko kwenye kibali, na huko linatosha. Alikozaliwa sikujui. Siku moja alisema Likasi, siku nyingine Kalemie, na mara zote mbili alisema kwa uso mkavu wa mtu asiyetaka swali la pili.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu huko Marshalltown, na madirisha yake hayakufunguka. Kampuni ilikuwa ndogo, na mkataba wake mkubwa ulikuwa mmoja: kuhifadhi kwenye kompyuta kadi za zamani za wachimba migodi, ili waliopata vumbi mapafuni, au wajane na watoto wao, watafutwe wapewe fidia. Ghorofa ya chini walikuwa watu wa kuskani. Kadi ziliingia kwenye mashine bechi kwa bechi, boksi kwa boksi, na picha zake zikapanda kwetu juu. Sisi tulikuwa waindeksi. Picha inatokea kushoto, kulia kuna visanduku vya kujaza: namba ya mtu, jina, mgodi, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Ukikosea, picha haipotei, lakini hakuna atakayeipata tena, maana kompyuta hutafuta kwa kile ulichoandika wewe. Bechi ikimalizika ilikwenda kwa Mama Mkaguzi. Akiipitisha na kutia sahihi, maboksi ya kadi zenyewe yalichukuliwa na lori kwenda kusagwa. Hapakuwa na mahali pa kuziweka.

Ndiyo maana alikuwa mkali. Sahihi yake ilikuwa kitu cha mwisho kabla ya mashine ya kusaga.

Mimi alinitoa barabarani, na hilo nalisema bila aibu. Nilikuwa nasuka nywele kando ya Joubert Park, chini ya mwavuli, mwaka mmoja baada ya kutoka Bujumbura. Alikuja kupakwa piko, kwa sababu mvi alizichukia kama madeni. Nilipokuwa naichanganya dawa, alinipa karatasi aliyoitoa mkobani, akaniomba nimsomee kwa kuwa macho yake, alidai, yamechoka. Ilikuwa orodha ya namba na majina. Nikasoma mpaka chini, nikaona orodha haijafungwa, nikaigeuza kutazama kama inaendelea nyuma. Haikuendelea.

"Nani alikufundisha kugeuza?" akaniuliza.

Nikamwambia nilikuwa karani wa shule, Buyenzi, na kwetu walimu walibania karatasi, waliandika pande zote.

"Bon. Kesho saa mbili. Vaa viatu ya kufunga, hapana ndala."

Hivyo tu. Macho hayakuwa yamechoka siku ile, ulikuwa mtihani. Tangu hapo akaniita Buyenzi, jina la mtaa wangu, na kwa miaka miwili nilishuku kwamba jina langu halisi hajawahi kulijua.

Sheria yake kubwa ilikuwa neno moja: usibuni. Usiposoma mwandiko, kuna kitufe cha "haisomeki". Kibonyeze, usonge mbele, yeye atashuka kutafuta kadi yenyewe aisome kwenye mwanga. Sisi tulikichukia kitufe kile kwa sababu kilipunguza hesabu yetu ya siku. Thandeka, dada wa Soweto aliyekaa karibu nami, alikuwa bingwa wa kubuni. Akiona D na mkia wa herufi, anaandika Dlamini, jina la wengi kwao, anasonga. Siku moja Mama Mkaguzi akaja kusimama nyuma ya kiti chake, kimya, mpaka Thandeka akahisi na kugeuka. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata alimwambia kwamba huyo ni mtu, alikuwa na baba yake, asimpe baba mwingine.

"Eish, Ma," Thandeka akasema, akafuta.

Kuuliza si ujinga, sote tumelelewa na neno hilo. Yeye alilikaza zaidi. Kwake, kutouliza ulikuwa wizi kabisa, kwa sababu ulikuwa unamnyang'anya mtu aliyekufa kitu pekee alichobaki nacho.

Sasa msikilize mtu huyohuyo barabarani. Taa nyekundu ikiwaka anakatiza, magari yanapiga honi, mimi nimebaki ukingoni nikimwita. "Robot ni ya gari," anasema kutoka ng'ambo. "Mimi niko gari?" Umri wake aliupunguza bila haya, kwa hesabu zake alikuwa ameajiriwa kabla hajafikisha miaka kumi. Na kibali chake cha ukimbizi, Mungu wangu! Mwanamke aliyeweza kukuambia kadi fulani iko boksi gani, safu gani, alihifadhi karatasi zake mwenyewe ndani ya mfuko wa nailoni wa dukani, zimekunjwa, zimechanganyika na vyeti vya kliniki na vifuniko vya dawa. Kila ulipokaribia muda wa kwenda Pretoria kurefusha kibali, alimwaga mfuko wote mezani wakati wa chakula, akatafuta huku akilaumu watu wasioonekana. Nilijitolea kumpangia. Alinipiga kofi mkononi, kwa utani lakini la kuuma.

"Acha. Siku utaona bintu yangu yote, utaniheshimu tena?"

Alikuwa mtu wa kanisa, mimi Mwislamu, na hilo alilifanya mchezo wa mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani alikwenda kula ngazini ili harufu isinifikie. Huruma hiyo ikiisha, alirudi kunitangazia ugali na dagaa aliokula. "Leo ilikuwa bukari na ndagala, Buyenzi. Mungu wako amekuepusha na mambo." Siku ya Idi nilikuta boksi la tende juu ya kibodi yangu. Nilimwona kwa mbali akijifanya anasoma. Nina hakika boksi lile alishaligeuza dukani kutafuta tarehe ya kuharibika.

Sifa hakutoa. Bechi yako ikiwa safi aliirudisha bila neno. Ikiwa na kosa alikuja yeye mwenyewe, akavuta kiti, mkarekebisha pamoja, na muda wote huo alikusimulia habari za vitunguu vilivyopanda bei au mchungaji wake anayehubiri kwa kukohoa. Nimefanya kazi chini ya watu wengi tangu wakati ule. Hakuna hata mmoja aliyeniketia karibu wakati wa kosa langu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, lile kubwa. Nimelizungukia vya kutosha.

Kadi za wachimba migodi nyingi zilikuwa na maandishi mbele tu. Nyuma peupe. Lakini baadhi, makarani wa zamani walikuwa wameandika nyuma kwa penseli jina la mtu wa kupelekewa habari mwenye kadi akifa: mke, mama, kaka, na kijiji chake. Penseli ya miaka hamsini kwenye kadi ya rangi ya chai huonekana kwa taabu hata kwa jicho. Kwenye skrini haionekani kabisa. Picha ya upande wa nyuma inakuja nyeupe. Kwa hiyo utaratibu wa Mama Mkaguzi ulikuwa huu: picha nyeupe usiifute mpaka ushuke chini, uitoe kadi kwenye boksi, uigeuze, uitazame. Kadi moja moja. Ngazi ghorofa tatu, maana lifti ilikuwa na siku zake.

Alhamisi moja nilikuwa na bechi ya kadi mia nne, na kesho yake kibali changu kilikuwa kinakwisha. Ilibidi alfajiri niwe kwenye foleni Pretoria. Meneja, kijana mwenye haraka ambaye hakuwa mbaya, alinikubalia siku hiyo kwa sharti kwamba bechi iwe imekwisha. Saa tisa alasiri zilibaki picha nyeupe zote. Nikaziangalia. Nikazichagua zote kwa pamoja. Nikafuta.

Hakuna aliyeniona. Nilienda nyumbani nikajiambia kwamba peupe ni peupe.

Pretoria nilisimama tangu giza mpaka alasiri. Nilipofika dirishani, ofisa akachukua kibali changu, akatazama picha, akanitazama, akaigeuza karatasi, akagonga muhuri nyuma. Miezi sita mingine ya maisha yangu, nyuma ya karatasi. Nikakumbuka picha nyeupe nilizozifuta, nikasahau kuipokea. Ofisa akaniuliza kama ninaumwa.

Ijumaa hiyo ofisi ilikuwa imefungwa nilipofika Park Station, na simu ya Mama Mkaguzi, kama kawaida, ilikuwa imezimwa chini ya mkoba. Jumamosi na Jumapili nilizipitisha nikijadiliana na nafsi yangu. Nikisema, kazi imekwenda, na mtoto wangu ndiyo kwanza kaanza shule. Nikinyamaza, lori linakuja Jumatatu saa mbili, na majina yale, kama yapo, yatasagwa. Huenda hayapo. Hilo ndilo nililojipa kama dawa: huenda hayapo. Kumbe nilikuwa nabuni.

Jumatatu nilimngoja mlangoni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Hakupiga kelele. Alinishika mkono, tukashuka kwenye ua wa nyuma, na lori tayari lilikuwa limefungua mlango. Wanaume wawili walikuwa wanapakia. Maboksi ya bechi yangu, manane, yalikuwa yamepangwa chini na fomu ya kuruhusu juu yake, yenye sahihi yake. Mama Mkaguzi akaichukua ile fomu, akaigeuza kama desturi, akaikunja akaitia mkobani. Kisha akakaa juu ya maboksi.

"Haya yamesainiwa, Ma," mmoja akamwambia.

"Sahihi ni yangu," akajibu kwa Kiingereza. "Naikalia."

Alitoa karanga mkobani akaanza kula. Meneja aliitwa. Alishuka akiwa na simu sikioni, akasema lori linalipiwa kwa saa. Nikafungua mdomo ili nikiri, na Mama Mkaguzi akanikanyaga mguu, kwa nguvu, na vile viatu vyake vya kisigino kipana.

"Mimi nilipitisha bila kugeuza," akamwambia meneja. "Kosa ni la mkaguzi. Andika hivyo."

Siku ile tuligeuza kadi mia nne, mimi na yeye, tumekaa kwenye ngazi ya uani chini ya jua, tukiinamisha kila moja ili mwanga uipige kwa ubavu. Thelathini na moja zilikuwa na penseli, tukayanakili majina yote. Nakumbuka moja ya mtu aliyetoka Tanganyika. Nyuma imeandikwa jina la mke, kisha "Ujiji, karibu na soko la samaki". Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Ujiji. Nikalia. Mama Mkaguzi akanisogezea karanga, akaniambia nisidondoshe machozi juu ya penseli.

Zilipokwisha, nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa. Yeye hugeuza kila kitu. Kwa nini bechi ile aliipitisha?

"Yako nilikuwa sigeuzi tena," akasema. "Tangu mwaka jana. Nilisema, ya Buyenzi, hapana lazima."

Neno lile lilinichoma kuliko kibao. Nilikuwa nimeaminiwa mwaka mzima bila kujua, na nikajua nilipokuwa nimeshaiharibu imani hiyo.

Fomu ya kosa iliandikwa kwa jina lake. Walimwondoa kwenye ukaguzi miezi mitatu, wakampeleka chini kutoa pini kwenye mafaili, kazi ya watu wapya. Mimi nilibaki na kiti changu. Wiki nzima hakuzungumza nami, na nisiseme uongo, nami nilimkasirikia. Deni la wema wakati mwingine linakera kuliko la fedha. Nilienda kwa meneja kukiri. Meneja akaniambia, "Sister, fomu imeshaindeksiwa," akacheka, akarudi kwenye simu. Nilipomweleza Mama Mkaguzi kwamba nimejaribu, ndipo alipovunja kimya.

"Weye uko na mutoto. Mimi niko na pini. Rudi kazini."

Aliporudishwa kwenye ukaguzi, bechi zangu alianza kuzigeuza tena, zote, kuanzia kadi ya kwanza. Nilishukuru. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kurudishiwa bechi haraka mno, na nikajua ameacha. Hatukulizungumza. Mimi tangu siku ile sijafuta kitu cheupe bila kukitazama, hata sasa ninapofanya kazi kwenye masjala ya mawakili upande wa Newtown, ambako vijana wananicheka kwa kuinamisha karatasi dirishani. Kazi hiyo niliipata kwa barua yake. Mkataba wa wachimba migodi ulikwisha mwaka wa 2018, sote tukatawanyika, naye akaenda kukaa tu nyumbani kwa sababu macho, safari hii kweli, yalikuwa yamechoka.

Kama kuna mtu aliyewahi kuja kumtafuta yule wa Ujiji, sijui.

Nilimwona tena mwaka wa 2019, mwezi wa sita, baridi kali. Nilikuwa nimebadilisha simu, kwa mara ya tatu tangu tufahamiane, na kama kila mara nilimtumia namba mpya bila kupata jibu. Akanipigia. Hakusalimu.

"Buyenzi. Njoo unipangie bintu yangu."

Alikaa chumba kimoja katika jengo refu linalotazama Joubert Park, ghorofa ya saba, na lifti yake ilikuwa ndugu wa ile yetu. Nilimkuta kitandani amejifunika blanketi mbili, mvi zote nje, piko amesamehe. Hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa macho, mtoto wa jicho, yote mawili. Walitaka karatasi zake. Mfuko wa nailoni ulikuwa juu ya meza, uleule au nduguye.

"Sioni tena ya mbele, sioni ya nyuma," akasema. "Sasa uniheshimu vile unaweza."

Nikamwaga. Nikapanga kama alivyonifundisha: vibali kwa mwaka, kliniki kwa tarehe, barua za kazi peke yake. Kila moja niliigeuza. Yeye alikuwa amelala, macho yamefumbwa, akisikiliza mkwaruzo wa karatasi, na mara mojamoja akisema tu, "Hiyo ni nini?" Nikimwambia, anaitikia. Nilikuta ile fomu ya lori, bado imekunjwa mara nne. Nikaiweka kwenye barua za kazi.

Chini kabisa palikuwa na kadi yake ya kazi ya Marshalltown, yenye picha yake ya piko bichi. Nikaigeuza. Nyuma, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kunyooka, alikuwa ameandika "wa kupelekewa habari", na chini yake jina langu. Si Buyenzi. Jina langu lote, matatu, pamoja na lile la babu ambalo hata kwenye kibali hulipati. Mbele yake namba ya simu niliyokuwa nayo siku za kusuka nywele, imepigwa mstari. Chini yake ya pili, imepigwa mstari. Chini yake ya tatu, imepigwa mstari. Chini yake namba ya sasa, tarakimu kubwa zilizopinda, za mtu anayeandika bila kuona vizuri.

Nilikaa na kadi ile mkononi. Chini barabarani wauza mitumba walikuwa wanaitana. Mkwaruzo wa karatasi ukakoma, naye akausikia umekoma.

"Buyenzi," akaita kutoka kitandani. "Umeangalia mugongo?"

"Nimeangalia, Mama."

"Inasomeka?"

"Inasomeka."

"Bon," akasema, akajivutia blanketi. "Endelea."